Alianza na Waya

Niliondoka Gungu asubuhi moja bila kugombana na mtu yeyote. Kazi ya kupakua saruji ilikuwa bado ipo, chumba nilichopanga nyuma ya duka la kinyozi kilikuwa kikavu hata wakati wa mvua, na mwenye nyumba hakuwa na neno nami. Niliamka tu nikaona nimekwisha kukaa pale. Nikatia shati, shuka na kikombe kwenye mfuko, nikampelekea kinyozi ufunguo.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza, huku anafagia nywele za jana.

"Bado sijajua."

"Sasa mwenye nyumba nimwambie nini?"

"Mwambie hivyohivyo."

"Ataona nimekuficha," alisema, akautia ufunguo kwenye droo ya mikasi.

Barabarani kijana wa bodaboda alipunguza mwendo akaniuliza niendako. Nikamwambia mimi mwenyewe sijui. "Basi panda nikupeleke hukohuko," akasema. Tulicheka wote wawili, akaondoka, nami nikashika njia ya kuteremkia Ujiji kwa sababu ilikuwa inateremka.

Shule niliiacha darasa la sita. Sikufukuzwa. Siku moja nilifuata lori la chumvi hadi Uvinza nikachelewa kurudi, kisha nikachelewa tena, mpaka ikawa sina darasa la kurudia. Tangu hapo nimesoma kile kilichoniangukia mikononi: magazeti ya kufungia nyama, maandishi ya nyuma ya malori, matangazo ya mikutano ya injili, kurasa za vitabu vya shule zinazofungia karanga. Kilichonivuta zaidi ni jinsi mtu mmoja anavyoweza kumbadilisha mwingine mawazo kwa maneno tu. Nimesimama sokoni Mwanga nikimsikiliza muuza dawa za minyoo kuanzia anapotandaza turubai mpaka anapolikunja, bila kununua dawa, nikitaka kujua ni neno gani hasa linalowafanya watu waingize mikono mifukoni.

Ukurasa mmoja, uliokuja na karanga nilipokuwa Kasulu, ulieleza namna ya kuandika insha ya hoja. Ulisema mwandishi aseme anachodai, kisha aonyeshe kwa nini aaminiwe. Ulionya juu ya maneno ya kutia huruma yasiyo na kitu nyuma yake. Chini kabisa ulianza kusema kwamba mwandishi hodari hutangulia kutaja, na hapo ukawa umechanika. Nimekula karanga za wauzaji wengi tangu siku ile, na kipande cha pili sijakutana nacho.

Ujiji, ufukweni, maji yalikuwa yamepanda kuliko nilivyoyaacha mwaka uliotangulia. Palipokuwa na vibanda vya chai palikuwa na nguzo zimesimama ndani ya ziwa, na boti zilikuwa zinafungwa karibu na milango ya watu. Ukutani pamebandikwa tangazo la kuwataka abiria wavae maboya. Nina tabia ya kusoma kwa sauti, nikalisoma.

"Kaka," sauti ikasema nyuma yangu, "hiyo unaisoma kweli, ama umeikariri?"

Alikuwa mwanamke mfupi, wa umri wa dada yangu mkubwa, amejifunga kitenge cha Kongo, na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya ng'ambo ya ziwa. Wazazi wake, aliniambia baadaye, walivuka naye akiwa bado anabebwa mgongoni.

"Naisoma," nikasema.

"Na mwandiko wa mkono?"

"Kama mwandishi hakuwa na haraka."

Akatoa karatasi kwenye kifua cha blauzi. Alisema maandishi ya kitabu anayaweza polepole, lakini huyu aliyemwandikia amepinda herufi zake kama minyoo. Alimlipa mtu anayewaandikia watu barua mjini, nje ya ofisi moja, chini ya mwavuli. Sasa alihitaji asomewe, tena mara nyingi, mpaka maneno yakae kichwani, maana mkutanoni hatashika karatasi.

"Ukisoma karatasi," alisema, "watu wanajua umetungiwa."

Boti lake lilikuwa linaondoka. Sikuwa na pengine pa kwenda. Nahodha aliponiuliza nashukia wapi, nikamwonyesha yule mama. "Basi wewe ni mzigo wake," akasema, akanielekeza nikae karibu na magunia.

Kisa chenyewe, alivyonieleza kabla hatujasukumwa majini, kilikuwa hivi. Kijijini kwake, kusini ya Ujiji, ziwa lilipopanda lilimeza uwanja wote wa kuanikia dagaa. Chanja, yaani zile meza ndefu za miti zilizotandazwa waya ili dagaa wakauke bila kugusa mchanga, zote zilikuwa chini ya maji. Kamati ya mwalo, yaani pale boti za uvuvi zinapotia nanga, ilipata eneo jipya juu kidogo, lakini lilikuwa dogo, na ikaamuliwa kwamba aliyekuwa na chanja chini ndiye atakayepewa nafasi juu. Yeye alikuwa na chanja moja. Mfanyabiashara mmoja wa dagaa palepale kijijini, mwenye chanja nyingi, akasema hata hiyo moja ni yake, na huyu mama alikuwa kibarua wake tu. Wangesikilizwa alasiri ile. Zilikuwa siku za mbalamwezi, siku ambazo dagaa hawafuati taa, kwa hiyo wavuvi wote walikuwa nchi kavu na kijiji kingeweza kukutana.

"Ukishindwa?" nikamwuliza.

"Nikishindwa nitaanika mchangani. Dagaa wa mchangani nani anawataka? Ama nitakuwa kibarua wake kwelikweli. Sasa hivi ananisingizia tu."

Mashine ilipotulia kwenye mngurumo mmoja, nikaifungua karatasi nikaanza kusoma kwa sauti, kwa kuwa sauti ya chini isingesikika.

"Mheshimiwa mwenyekiti wa kamati tukufu ya mwalo. Mimi mjane mnyonge, mama wa mayatima, nimesimama mbele yako nikitiririkwa na machozi ya damu..."

"Mjane nani?" yule mama akauliza.

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Mimi mume wangu yuko Simbo analima! Jumapili nilikuwa naye!"

Boti zima likaangua kicheko. Pembeni yetu alikaa mwanamke mnene mwenye mizani ya kuning'iniza mapajani, mnunuzi wa dagaa anayezunguka mialo yote ya kusini. Yeye hakucheka, alifikiri.

"Usimwondoe haraka huyo mjane," alisema. "Mjane ana nguvu. Mimi nimeona watu wakipewa viwanja kwa ujane tu."

"Na mume akitokea mkutanoni?" nahodha akapaza sauti kutoka nyuma.

"Atakuwa amefufuka!"

"Mama, usicheze na mambo ya kufufuka, mzee hapa atakukatalia," nahodha akasema, akimwonyesha kwa kidevu mzee wa kofia nyeupe aliyekuwa ameketi mbele yangu na kuku wawili miguuni. Mzee yule alikuwa mwalimu wa madrasa Ujiji, anakwenda kumtembelea binti yake.

"Mimi sikatai chochote," alisema mzee. "Nauliza tu. Akisema uongo mmoja unaojulikana, yale ya kweli atayasimamisha wapi?"

Mjane akaondoka. Nilipiga mstari kwa kalamu ya nahodha.

Tukaendelea. Mwandishi wa chini ya mwavuli alikuwa anaijua kazi yake kwa namna yake. Alikuwa na maswali yasiyotaka majibu, mengi, yamepangwa moja juu ya jingine: Je, haki imekufa? Je, mnyonge akimbilie wapi? Je, dagaa wanajua mwenye fedha na asiye na fedha? Kila nilipofika mwisho wa swali abiria wa nyuma waliitikia "Eeh!" na kwa kweli maneno yalinipanda hata mimi niliyeyasoma. Niliona jinsi kurudia neno lilelile kunavyofanya kazi kama kupiga ngoma: husikii maana, unasikia mahali pa kuitikia. Muuza dawa wa Mwanga alifanya vilevile. Mnunuzi wa dagaa alifumba macho akatikisa kichwa, akasema hapo pazuri sana.

"Pazuri," mzee akakubali. "Lakini chanja iko wapi?"

"Inakuja," nikasema, nikaitafuta. Ilikuwa karibu na mwisho, sentensi moja: kwamba kila mtu kijijini anajua chanja ile ni mali ya mlalamikaji tangu enzi.

"Kila mtu," mzee akarudia. "Mwenyekiti akisema, haya, niite mmoja?"

 Yule mama akasema ataita miti. Miti yake bado imesimama chini ya maji, na maji ya kwao hayafichi kitu. Chanja yake ilikuwa fupi kuliko zote, aliijenga kwa kimo chake, imfike kiunoni, kwa sababu anayegeuza dagaa kutwa nzima kwenye chanja asiyoiweza kimo mgongo unamlaani. Chanja za yule bwana zote ni ndefu, anajengewa na mafundi kwa kipimo kimoja.

Hilo lilitupendeza wote. Mnunuzi wa dagaa alipiga paja. "Hapo umempata! Nani mwingine pale mfupi kama wewe?"

"Hakuna."

"Basi imekwisha."

"Haijaisha," alisema mzee, bila kumtazama mtu. "Hiyo inaonyesha nani alikuwa anasimama pale. Bwana yule hasemi hakusimama. Anasema alisimama kwa kazi yake. Jembe langu lina mpini wa kimo cha kibarua wangu, na jembe ni langu."

"Mzee, uko upande gani?" nahodha akauliza.

"Wa kuku wangu. Unawalowesha."

Nahodha akapunguza mwendo kidogo. Ilikuwa kweli kwamba mawimbi yalianza kuingia. Tukatazama pwani inavyopita: michikichi, moshi, wanawake wanafua juu ya mawe. Nilikuwa nawaza lile la jembe. Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba ushahidi ukishapatikana kazi imekwisha, kama mtu aliyeokota ufunguo. Sikuwa nimewahi kujiuliza unafungua mlango gani.

"Nani alikuona unasimamisha miti?" mzee akamwuliza yule mama.

"Wengine wamehama. Aliyebaki ni jirani yangu, wa chanja ya pili."

"Basi mwite."

"Yule? Hatusalimiani. Mbuzi wake alikula dagaa wangu, nikasema, akasema, basi. Akiniona anageukia ukuta."

"Hatusalimiani," mzee akarudia taratibu, safari hii kama anaonja chakula. "Huyo ndiye wako. Shoga yako akikusemea, watasema ni shoga yako. Huyu akikusemea, watasema nini?"

"Na kama atanisema vibaya?"

"Je, ni uongo kwamba miti ni yako?"

"Si uongo!"

"Basi mwite, halafu usimwambie aseme nini."

Mnunuzi wa dagaa alikuwa ameacha kufuatilia mambo ya jirani. Alikuwa anamkazia macho yule mama kwa namna ya mtu anayekagua gunia. Akauliza, "Na waya?"

"Waya gani?"

"Wa chanja. Mimi nanunua dagaa miaka mingi, mwanangu. Miti mtu anakata. Waya haukatwi porini. Nani alinunua waya?"

Yule mama alitazama maji. Mashine ilinguruma. Mwishowe alisema, "Yeye."

"Aaa," wakasema watu wa nyuma.

Akaeleza upesi, kama mtu anayetaka kuvuka mahali. Alipojenga chanja hakuwa na waya. Bwana yule alimletea, kwa makubaliano kwamba dagaa wake wote atamwuzia yeye. Alimwuzia yeye tu, misimu yote, mpaka maji yalipokuja. Ziwa lilipoanza kupanda, mama mwenyewe aliung'oa waya akauviringisha, na uko kibarazani kwake mpaka leo. Mwandishi wa barua alimwambia jambo hilo asiliguse kabisa, maana ni kujimaliza.

"Na bwana mwenyewe ana nini mkononi?" mzee akauliza.

"Ana risiti ya waya. Anatembea nayo kwenye mfuko wa plastiki, anamwonyesha kila mtu."

"Ana kingine?"

"Hana. Hiyohiyo."

"Basi anza na waya."

"Nianze...?"

"Simama, salimia watu, useme: waya ni wa bwana huyu. Kabla hajasimama yeye."

"Mzee! Nimpe kisu mwenyewe, na shingo niinamishe?"

"Kisu anacho tayari. Unachoweza kufanya ni kukitoa mfukoni mwake mchana kweupe, kila mtu akione kilivyo kidogo."

Hapo likazuka zogo. Nahodha alisema ni wazimu, kesi haianzi kwa kushindwa. Mnunuzi wa dagaa alisema aache waya mpaka aulizwe, na akiulizwa alie. Mtu mmoja wa nyuma alitaka mjane arudishwe. Mimi nilikuwa na karatasi mapajani, imejaa mistari niliyopiga, nikakumbuka ule ukurasa wa Kasulu ulivyoishia. Hutangulia kutaja. Sijui kama hilo ndilo ukurasa ulitaka kusema. Nilimwuliza yule mama kama bado anataka nimsomee tena tangu mwanzo.

"Nisomee nini?" alisema. "Mmeimaliza yote."

Ilikuwa kweli. Ilibaki salamu na jina la kijiji.

Tulifika jua likiwa limepita utosini. Nyuma ya rasi ndogo maji yalikuwa yametulia, na nahodha alizima mashine akachukua upondo, kwa sababu ya miti iliyozama inayoweza kuvunja panga la mashine. Tuliinama ukingoni wote, hata mnunuzi wa dagaa na uzito wake, mpaka nahodha akapiga kelele kwamba atatuzamisha. Chini, katika maji yanayoonekana kama hayapo, ilisimama mistari ya miti, imeota ukoga, samaki wadogo wanapita katikati yake mahali zilipokuwa chanja. Iliyo mingi ilikuwa mirefu. Mmoja wa mistari ulikuwa mfupi kuliko mingine.

"Ile pale," yule mama akasema.

 Ilikuwa ni yake, kila mtu aliona, na bado yale maneno ya jembe yalikuwa palepale.

Mkutano ulikaa kwenye banda la mnada wa samaki, lenye paa na sakafu ya saruji. Wavuvi walikuwa wameketi wakishona nyavu, hawakuziacha hata kesi ilipoanza. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mtu wa makamo mwenye redio ndogo mfukoni, aliyoizima kwa heshima. Mfanyabiashara alikaa mbele, shati limepigwa pasi, mfuko wa plastiki gotini. Hakuwa na sura ya mtu mbaya. Alikuwa na sura ya mtu aliyejiandaa.

Mimi nilisimama nje ya nguzo pamoja na abiria wa boti. Nahodha alikuwa ameamua kwamba mashine yake inahitaji kupumzika. Mzee wa madrasa alimkabidhi mtu kuku wake akasimama nasi.

Mlalamikaji ndiye huanza. Yule mama alisimama. Akasalimia kwa Kiha kwanza, kwa kupiga makofi taratibu na kuinama, upande huu, kisha upande ule, akarudia kwa wazee waliokaa nyuma, wala hakufanya haraka, nao wakaitikia kwa makofi yaleyale. Huko salamu haikatwi. Ilichukua muda, na niliona uso wake unavyotafuta ndani ya muda huo aanze na lipi. Mfanyabiashara alikuwa ameshaanza kufungua fundo la mfuko wake.

"Waya wa chanja yangu," alisema yule mama, "ni wa bwana huyu."

Sindano za nyavu zikasimama.

"Alininunulia yeye. Risiti anayo pale, ni ya kweli, msimsumbue kuitoa. Nilimwuzia dagaa wangu wote kwa ajili ya waya huo, na hilo na yeye atasema. Waya nimeuviringisha, uko nyumbani kwangu, aje auchukue hata leo. Mimi sikuja kudai waya. Nadai mahali pa chanja. Miti nilikata mimi, nikasimamisha mimi. Aliyeona ni jirani yangu yule pale. Mnajua hatusalimiani. Mwulizeni yeye, mimi nakaa."

Akaketi. Hakuwa amesema "haki" hata mara moja, wala machozi.

Mwenyekiti alimgeukia mfanyabiashara. Mfanyabiashara alisimama, mkono mmoja ndani ya mfuko wa plastiki. Aliitoa risiti nusu, akaitazama, akairudisha. Nimeiona hali ile kwa muuza dawa siku mteja wa mbele alipotaja mwenyewe kwamba dawa inaumiza tumbo siku ya kwanza: maneno yote aliyoyapanga kwa ajili ya jambo hilo yakabaki hayana kazi.

"Kama amesema mwenyewe..." alianza. Kisha akajikaza. "Ndugu mwenyekiti, chanja bila waya ni nini? Ni miti. Mwenye waya ndiye mwenye chanja."

"Basi aliyekukopesha bati ndiye mwenye nyumba yako!" mvuvi mmoja akasema bila kuinua macho kwenye wavu.

"Mwacheni aseme," mwenyekiti akaonya, lakini watu walikuwa wameshacheka, na mfanyabiashara mwenyewe midomo ilimchezacheza.

"Mimi nilimpa kazi," alisema. "Alinifanyia kazi."

"Ulimlipa kwa siku?" mwenyekiti akamwuliza.

"Nilinunua dagaa wake."

"Wake?" mwenyekiti akauliza.

Mfanyabiashara akafunga tena fundo la mfuko wake. Akaketi.

Jirani aliitwa. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, aliyesimama akiwa amemgeuzia yule mama bega. Alisema hapatani na mwanamke yule na hatapatana naye, na dagaa walioliwa na mbuzi hawakuwa wengi kama ilivyosemwa. Mwenyekiti akamwomba arudi kwenye miti. Akasema miti aliisimamisha yule mama mwenyewe, peke yake, vibaya, mmoja ulianguka mara mbili, naye alimwangalia tangu asubuhi bila kumsaidia kwa kuwa hakuombwa. Waya ulikuja baadaye, ukiwa umefungwa kwenye baiskeli ya bwana huyu. Aliuona.

"Ungemsikia mama huyu amesema waya ni wake," mwenyekiti akamwuliza, "ungesemaje?"

"Ningesema ni mwongo," alisema jirani, "na ningefurahi."

Nilimtazama mzee wa madrasa. Alikuwa anatafuta kuku wake.

Kamati ilijitenga kando ya banda, ikarudi kabla wavuvi hawajamaliza kushona pale walipokuwa. Nafasi ni ya mama. Ni ya mwisho kwenye mstari, karibu na njia ya mbuzi, kwa kuwa za katikati zilishagawiwa. Waya ni wa bwana, arudishiwe siku hiyohiyo ili neno liishe. Mwenyekiti akawasha redio yake.

Watu walimpongeza yule mama, naye aliitikia kwa makini, kama mtu anayebeba maji kichwani. Jirani alipita mbele yake bila kumsalimia. Mnunuzi wa dagaa alimwambia ameshinda, lakini atatandaza nini juu ya miti? Alijibu ataanza na matete, na nyavu kuukuu akipata. Mnunuzi akakunja uso. Dagaa wa juu ya matete hukauka upande mmoja. "Utageuza mara nyingi," alisema. "Nitageuza," alisema yule mama. Sidhani kama alikuwa na furaha. Alikuwa na mahali.

Abiria walirudi botini. Nahodha aliniuliza kama naendelea kusini, nikamwambia bado. Kulikuwa na waya wa kubeba, na mtu mmoja hauwezi.

Uliviringishwa vizuri, umefungwa kwa kamba za mgomba, hauna kutu hata kidogo. Alikuwa ameupaka mawese. Tuliuinua kila mtu upande wake, tukapanda nao hadi nyumba ya mfanyabiashara, nyumba ya matofali juu ya kijiji. Yule mama aliuweka chini mlangoni, akabisha hodi, akasema, "Mzigo wako huu, bwana," akaagana nami palepale kwa kunishika mkono kwa mikono miwili. Alikuwa na miti ya kwenda kukata. Nilimtazama akiteremka mpaka alipopotea nyuma ya michikichi.

Mfanyabiashara alisimama mlangoni akiutazama waya. Kisha akanitazama mimi.

"Wewe ni ndugu yake?"

"Hapana. Tumekutana botini."

"Wewe ndiye uliyemtungia?"

"Mimi nilimsomea tu. Waliotunga ni boti zima, na walitunga kwa kufuta."

Akacheka kidogo, bila kupenda. Aliuinua mwisho wa waya akaupima kwa mikono, akauachia. "Umekatwa kwa kipimo chake," alisema. "Chanja zangu zote ni pana kuliko huu. Na zote zina waya." Akaketi kizingitini. "Ningesema nini mimi?"

Nilifikiri, kwa kuwa aliuliza kwa kutaka kujua. "Ungeanza na miti," nikamwambia. "Ungesema miti ni yake. Halafu ungeuliza, sasa tufanyeje, mimi nina waya, yeye ana miti."

"Nikasema mimi kwanza?"

"Wewe kwanza."

 Chini, jua lilikuwa linashukia milima ya Kongo, na kwenye eneo jipya mtu mmoja mfupi alikuwa ameshaanza kuchimba shimo la mti wa kwanza, mwisho kabisa wa mstari. Tuliweza kumwona vizuri sote wawili.

"Nikimwendea kesho na waya huu," alisema, "nianze na lipi?"

"Wewe mwenyeji. Huku mnaanza na salamu."

"Salamu najua. Baada ya salamu."

 Midomo yake ilikuwa tayari inajaribu maneno. Baadaye aliniuliza nalala wapi, nikamwambia sijajua. Akasema stoo yake haina dagaa siku za mbalamwezi, kuna kitanda cha kamba na magunia masafi, na kwa mwenyekiti wa kitongoji atanipeleka asubuhi nikaandikishwe kama mgeni. Aliniita niingie. Mkewe akaleta maji ya kunawa, akauliza ni mgeni wa nani, na bwana akasema, "Wangu."

Stoo ilinukia samaki na chumvi. Alinionyesha msumari wa kutundikia mfuko wangu, kisha akatoka, akauinua ule waya peke yake, akauegemeza ukutani kwa nje, karibu na mlango, mahali ambapo mtu anayeondoka mapema hawezi kuusahau.